Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Kuvusha Watoto Barabarani

Wadogo zangu mnaojiunga mwaka huu na vikundi vya skauti wa usalama barabarani katika shule za Mbeya, nawaandikia kwa sababu niliifanya kazi hiyo kwa miaka mitatu, tangu nikiwa kidato cha pili na umri wa miaka 15. Kivuko changu kilikuwa upande wa Uyole, mahali ambapo barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma inakutana na ile inayoteremka Tukuyu na Kyela mpaka Kasumulu, kwenye mpaka wa Malawi. Najua wengi wenu mnaingia mkiwa na ndoto ya kuwa askari polisi, na ndoto hiyo ni njema. Ndiyo iliyonisukuma hata mimi. Lakini kabla ya sare na kabla ya gwaride, naomba mlishike jambo moja: kazi yenu ni kuwazuia watoto ukingoni mpaka magari yote yawe yamesimama. Kuyasimamisha hayo magari ni wajibu wa askari na wa madereva wenyewe.

Nilichelewa kulielewa hilo. Katika juma langu la tatu, asubuhi ya mwezi wa Julai, nilinyanyua kibao chenye neno SIMAMA, na lori lenye tela lililokuwa limetoka kuteremka Mlima Nyoka likapunguza mwendo hadi likasimama, dereva wake akanipungia mkono kwa hisani. Nikaona nimeiweza kazi. Niliwageukia watoto, nikapiga filimbi, na safu ya kwanza ikaanza kuvuka. Nyuma ya lori ilikuwapo bajaji ambayo dereva wake hakuwaona watoto, wala watoto hawakuiona, na kwa kuwa hakujua lori limesimama kwa sababu gani, akalipita kwa upande wa kulia. Afande aliyekuwa ng'ambo ya barabara ndiye aliyemdaka mtoto wa darasa la pili kwa mkanda wa begi na kumvuta nyuma. Daftari la Hisabati alilokuwa amelishika lilibaki kwenye lami likiwa na alama ya tairi katikati ya jalada. Nililiokota mimi, na mikono yangu ilitetemeka hadi kengele ya mapumziko.

Afande hakunigombeza. Alinirudisha pale pale siku iliyofuata na kunieleza kwamba gari lililosimama ni pazia, na kwamba mtu anayevusha watoto lazima alitangulie pazia hilo yeye mwenyewe. Maana yake ni kwamba gari la kwanza likisimama, watoto wanabaki ukingoni. Wewe unasogea hadi usawa wa pembe ya gari hilo, unachungulia kinachokuja nyuma yake, unahakikisha na upande wa pili pametulia, ndipo unapowaita. Jambo hili litazidi kuwa na uzito kwenu kuliko lilivyokuwa kwetu, kwa sababu barabara kati ya Nsalaga na Ifisi, kilomita 29, ni ya kupanuliwa iwe ya njia nne, na penye njia mbili za kuelekea upande mmoja daima kuna uwezekano kwamba gari moja litasimama na la pembeni yake lipite. Mkivuka barabara ya namna hiyo, ihesabuni kuwa ni barabara mbili: simameni katikati na muanze upya kana kwamba ndiyo kwanza mmetoka shuleni.

Jifunzeni pia kuupima mwendo kwa macho, kwa kuwa hakuna atakayewafundisha hilo darasani. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita takribani mita 14 kwa kila sekunde, na dereva makini huhitaji kama sekunde moja ili aone, aamue na kukanyaga breki. Kabla breki haijaguswa, gari limekwisha kula umbali unaozidi urefu wa darasa, na hapo bado halijaanza hata kupungua kasi. Lori lililosheheni, likiwa kwenye mteremko na lami ikiwa imelowa, linahitaji umbali mrefu zaidi kuliko macho ya mtu mgeni yanavyokadiria. Mimi nilikwenda kivukoni Jumamosi mbili bila watoto, nikachagua nguzo ya umeme, nikawa nahesabu sekunde kutoka gari linapoifikia nguzo hadi linaponifikia mimi. Baada ya saa chache nilijua kwamba lori likishaipita nguzo hiyo, sina ruhusa ya kumpeleka mtoto yeyote barabarani. Kila mmoja wenu atafute nguzo yake, au mti, au kibanda.

Kuna tatizo la hapa kwetu ambalo wenzetu wa pwani hawalijui sana. Mwezi wa Juni na Julai jua la Mbeya huchelewa, na saa 12:30 asubuhi, watoto wanapokuwa tayari njiani, bado ni giza, na mara nyingi kuna ukungu. Baridi huwafanya watoto wajifunike kofia za masweta hadi kwenye nyusi na kuingiza mikono mifukoni. Mtoto aliyejifunika hivyo haoni pembeni, hasikii vizuri, na akijikwaa hana mkono wa kujikinga. Sisi tulikuwa na desturi ya kusema "kofia chini, mikono nje" kabla hata ya kuitazama barabara, na baada ya mwezi mmoja watoto wadogo walikuwa wakiambizana wenyewe. Sijui kama kuna kitu kingine tulichofanya kilichosaidia kuliko maneno hayo manne.

Kuhusu gwaride sitasema mengi. Mtafundishwa mguu sawa, mguu pande na nyuma geuka, na mtachoka. Faida yake mtaiona siku mtakapohitaji kutii neno moja bila kuuliza kwa nini.

Suala la mamlaka ndilo linalowaponza vijana wengi. Huko Uingereza kuna mpango wa makadeti wa polisi wa kujitolea, vijana wa miaka 13 hadi 18 wanaokutana na askari wanaowalea kila wiki na kuvaa sare, na pamoja na sare hiyo hawana uwezo wa kisheria wa kumkamata mtu. Kwetu ni vivyo hivyo. Filimbi haikupi ruhusa ya kuchomoa ufunguo wa bajaji, kupekua begi la mwenzako, wala kubishana na konda aliyekataa kupakia wanafunzi, hata kama moyoni unajua kwamba amewadhulumu. Siku moja watu wazima walituita tuwasaidie kumzunguka kijana aliyedaiwa kuiba simu, wakisema nyinyi si ndio askari wadogo. Mwenzangu mmoja alitaka kwenda. Tulimzuia, mmoja akakimbia kumwita afande, wengine tukawaondoa watoto eneo lile ili wasishuhudie kitu ambacho mtoto hapaswi kukishuhudia. Kama hakuna askari karibu, namba ya dharura ya polisi ni 112, na mtu mzima yeyote mwenye simu anaweza kuwapigia. Kadhalika, ukiombwa kwenda doria ya usiku ya ulinzi shirikishi, kataa kwa adabu na umweleze mwalimu mlezi. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na doria ya usiku si mahali pa mtoto.

Mtapewa daftari la matukio, na hapa nawasihi muwe waaminifu kuliko mahali pengine popote. Andika ulichokiona wewe kwa macho yako, saa uliyokiona na mahali ulipokuwa umesimama. Mwaka wangu wa kwanza niliandika kwamba dereva fulani "alikuwa amelewa". Afande aliniuliza kama nilinusa pombe, na sikuwa nimenusa. Kama nilimwona akinywa, na sikuwa nimemwona. Akanifanya niandike upya: bajaji ya bluu, namba inayoanzia MC na tarakimu zake, abiria wanne, imepita kivukoni saa 12:50 asubuhi watoto sita wakiwa wameshaingia barabarani, haikupunguza mwendo. Maandishi ya namna hiyo yana msaada kwa askari. Yale ya kwanza yangeweza kumharibia mtu riziki yake kwa dhana yangu tu, na jambo hilo hunisumbua hadi leo.

Watoto watakuamini upesi, kwa kuwa wanakuona kila asubuhi. Ipo siku mmoja atakuambia jambo zito: anapigwa nyumbani, au kuna mtu mzima anayemshika isivyofaa. Usimwahidi kwamba utaficha, kwa sababu ahadi hiyo huwezi kuitimiza. Usimhoji maswali mengi wala usiende kumkabili mtuhumiwa. Msikilize, mwambie amefanya vyema kusema, kisha umfikishe siku hiyo hiyo kwa mwalimu unayemwamini, ambaye anaweza kulipeleka jambo hilo kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Baada ya hapo usimsimulie mtu mwingine yeyote, hata rafiki yako wa karibu. Kuna wanafunzi watakaokuita mnoko kwa kila taarifa utakayoitoa. Neno hilo linauma, nami lilinitoa machozi zaidi ya mara moja, lakini mtoto yule hana mwingine aliyemweleza.

Wapo watakaowaambia kwamba mkijitolea nafasi ya jeshi la polisi ni yenu. Msikubali, na msimpe mtu hata shilingi moja kwa ahadi hiyo. Ajira hutangazwa hadharani pamoja na vigezo vyake vya umri na elimu, na wanaochaguliwa hupata mafunzo ya awali katika Shule ya Polisi Tanzania iliyoko Moshi. Kwa hiyo someni. Kama zamu ya asubuhi inakufanya usinzie kipindi cha kwanza, mwombe mwalimu mlezi akupunguzie siku. Mimi nilikaa kimya muhula mzima na Fizikia yangu ikashuka vibaya.

Mkimaliza kidato cha nne, msiondoke ghafla. Msimamishe mrithi wako kivukoni na wewe ukae nyuma yake kwa majuma mawili, umwonyeshe nguzo yako, kisha umkabidhi filimbi, daftari na kizibao cha reflekta. Kizibao hicho kifuliwe kwa mkono, bila brashi, na kianikwe kivulini, kwa sababu mistari yake ikichubuka au ikiungua na jua haimulikiki tena gizani, na mwezi wa Julai atakihitaji.