Kompyuta tatu kati ya nane hazina intaneti: usinunue ruta kwanza

Mkuu, umesema ofisini una kompyuta 8 kwenye swichi moja (kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao), 5 zinaingia mtandaoni, 3 zinasema hakuna intaneti, na fundi amekwambia ununue ruta mpya. Hela yako iache mfukoni. Ruta iliyokufa haichagui. Ingekuwa ndiyo mbovu, zote 8 zingekuwa nje.

Kaa kwenye moja ya hizo 3, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd ubonyeze Enter, halafu kwenye dirisha jeusi andika ipconfig /all. Soma mistari mitatu: IPv4 Address (anwani ya kompyuta), Default Gateway (kifaa inachopitia kwenda nje) na DHCP Server (kifaa kilichoipa anwani). Fanya hivyo hivyo kwenye kompyuta nzima, yaani moja ya zile 5 zinazoingia mtandaoni, ulinganishe.

Ukikuta anwani inaanza na 169.254, hiyo kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Badilisha waya, hamia tundu lingine la swichi, kagua plagi. Waya ukiwa mzima, ingia kwenye ruta uone imepangiwa kutoa anwani ngapi. Simu za wateja kwenye Wi-Fi zinaweza kuzimaliza zote, kompyuta inayowashwa mwisho ikakosa.

Lakini kwa jinsi ulivyoeleza, kwamba leo zinagoma hizi na kesho nyingine, mimi nashuku jambo jingine, na ndilo ninalokutana nalo zaidi kwenye steshenari na shule ninazofungia mitandao. Tazama kama kompyuta nzima zina 192.168.1 kitu na mbovu zina 192.168.0 kitu. Zikitofautiana hivyo, humo ndani kuna ruta ya pili. Mtu kaileta ili Wi-Fi ifike chumba cha nyuma, akachomeka waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), akaondoka. Sasa vifaa viwili vinagawa anwani, na kompyuta kwa kawaida inachukua ofa ya kwanza kufika. Iliyojibiwa na ruta ya pili inaambiwa ipite huko kwenda nje, na huko hakuna njia. Ndiyo maana kuzima na kuwasha hutibu kompyuta moja na kuharibu nyingine, na watu wanazunguka wiki nzima wakilaumu kampuni ya intaneti.

Kuipata si kazi. Mstari wa DHCP Server kwenye kompyuta mbovu unakupa anwani yake. Iandike kwenye kivinjari ukiwa kwenye kompyuta hiyo hiyo, ukurasa wake utafunguka. Nywila kama haijabadilishwa huwa kwenye stika chini ya kifaa. Kama hujui kilipo, fuata nyaya kutoka kwenye swichi, tena angalia juu ya makabati na nyuma ya printa. Ukiingia, zima DHCP yake (kazi ya kugawa anwani), kisha ipe anwani isiyotumika kwenye mtandao wako, mfano 192.168.1.2, waya uache kwenye LAN. Wi-Fi ya chumba cha nyuma itaendelea kufanya kazi. Kisha kwenye kompyuta mbovu andika ipconfig /release, halafu ipconfig /renew.

Anwani zikiwa sawa kote na bado inagoma, andika ping (amri ya kuuliza kama kifaa kinajibu) ikifuatiwa na anwani ya ruta yako, kisha ping 8.8.8.8 (seva ya Google huko nje), kisha ping na jina la tovuti yoyote. Ikikwama kwenye ruta, tatizo liko ndani ya ofisi. 8.8.8.8 ikijibu ila jina likakataa kutafutwa, ni DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani: huenda kuna aliyeiandika kwa mkono, irudishe ijitafutie yenyewe. Zote zikijibu ila kivinjari kinalalamika usalama, tazama tarehe ya kompyuta. Desktop za zamani betri ya CR2032 ikiisha, umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka, na tovuti zinakataa.

Weka hapa ile mistari mitatu, ya kompyuta nzima na ya mbovu, zote zikiwa zimewashwa kwa wakati mmoja. Nitakwambia uanzie wapi.