Aliyekunywa kisha akavuta, usimlaze chali

Bumu, yaani pesa za mkopo wa wanafunzi, likitoka, au msimu wa mabibo ukifika kuanzia Oktoba, kwenye mageto mengi ya wanafunzi Mtwara na Lindi pombe na bangi hukaa meza moja. Tunamwandikia mnywaji, lakini zaidi tunamwandikia anayelala naye chumba kimoja, kwa sababu saa nane za usiku hakuna mwingine wa kumwangalia.

Wengi huamini bangi hutuliza pombe. Si kweli. Pombe ikitangulia, THC, yaani kemikali ya bangi inayolevya, huingia kwenye damu kwa wingi kuliko mtu akivuta bila kunywa. Kwa hiyo msokoto uleule aliouzoea juzi, leo unamwangusha. Tena moshi hufika kichwani ndani ya dakika chache, wakati pombe huendelea kupanda kwenye damu nusu saa, saa nzima au zaidi baada ya glasi ya mwisho. Vitu hivi viwili hukutana vikali akiwa tayari amejilaza, na wenzake wanasema "mwacheni, amelala".

Kuna jambo baya zaidi. Bangi hupunguza kichefuchefu, na dawa za jamii ya THC hutumika hospitali kuzuia kutapika kwa wagonjwa wa saratani. Kutapika ni kinga: mwili unatoa pombe iliyozidi kabla haijaingia yote kwenye damu. Aliyevuta anaweza asipate onyo hilo akaendelea kunywa. Matapishi yakija baadaye, yanamkuta amezimika, koo halijilindi, na yanaweza kuingia kwenye mapafu. Wengine huwa kinyume: wanapauka, wanatoka jasho, chumba kinawazunguka na wanatapika mfululizo. Wote wawili wanahitaji mtu wa kukaa nao.

Hesabu ya pombe ni hii. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi. Ini huondoa karibu gramu 7 hadi 10 kwa saa, kwa hiyo bia moja huchukua saa mbili na zaidi. Kichupa cha pombe kali cha mililita 200 chenye asilimia 40 kinazidi bia tatu. Kahawa, ndimu na maji ya baridi haviongezi kasi ya ini hata kidogo. Uraka hauna kipimo: maji ya mabibo yaliyokamuliwa asubuhi huwa matamu, na kadiri yanavyokaa kwenye ndoo ndivyo yanavyochachuka na kukolea, hivyo kikombe cha jioni si kikombe cha mchana. Gongo ndiyo usiiguse kabisa, kwani unaweza kunywa methanoli, aina ya kilevi chenye sumu, bila kujua. Mtu akilalamika kesho yake kwamba anaona ukungu, tumbo linamuuma na anahema kwa kasi, msiseme ni hangova wala macho ya bangi. Apelekwe hospitali upesi, anaweza kupofuka au kufa.

Sasa amezimika. Mwite kwa jina, mfinye begani. Asipoitika, mgeuze alale ubavu. Piga magoti pembeni yake. Mkono wake ulio upande wako unyooshe pembeni, ukunje kiwiko. Mkono wa pili upitishe kifuani, mgongo wa kiganja uguse shavu lililo upande wako. Kunja goti la mbali hadi wayo ukanyage sakafu, kisha vuta goti hilo kuelekea kwako, mwili wote utafuata. Inua kidevu kidogo ili koo lifunguke, na mdomo uelekee chini. Usimpe maziwa wala kahawa, usimtie kidole kooni, usimmwagie maji, na usimpe kidonge chochote, hasa vya usingizi.

Shika simu, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikiwa chini ya 8, au akikaa zaidi ya sekunde 10 bila kupumua, au midomo na kucha zikigeuka bluu, au mwili ukiwa wa baridi, au akipata degedege, au akiwa haamki hata ukimfinya, mpeleke. Dalili moja inatosha. Tafuta bajaji au gari alale ubavu njiani. Mshikaki wa bodaboda haufai, kichwa kitaangukia kifuani na kuziba njia ya hewa. Mtwara kuna Ligula na Hospitali ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Lindi kuna Sokoine. Ukifika sema ukweli wote: amekunywa nini, kiasi gani, amevuta saa ngapi. Tunajua bangi ni kosa kisheria na ndiyo maana wenzake huificha, lakini daktari asiyeambiwa anatibu nusu ya tatizo. Omba pia apimwe sukari na malaria. Pombe kwenye tumbo tupu hushusha sukari, na huku kwetu homa inayochanganya akili imeshadhaniwa ulevi mara nyingi mno.

Aliye macho lakini anaogopa kufa, moyo unamwenda mbio, mketishe mahali penye mwanga hafifu, anywe maji kidogo kidogo, asisimame ghafla. Umkumbushe kwamba itapita baada ya saa chache. Akiumwa kifua, hiyo ni hospitali.

Bangi ya kula kwenye keki au biskuti huchukua nusu saa hadi saa mbili kuanza, kwa hiyo kuongeza kipande kwa sababu "haijashika" ni kosa la kawaida. Kuogelea Shangani au kuendesha pikipiki kwenda Mikindani baada ya vyote viwili, usijaribu.

Anayetaka kuacha, aanze kwa kuvunja ndoa ya vitu hivi: siku aliyokunywa, havuti kabisa. Akiacha bangi, wiki ya kwanza atakosa usingizi, atakuwa na hasira na ndoto nzito. Kwa kawaida hupungua ndani ya wiki mbili. Pombe ni tofauti. Anayekunywa sana kila siku asikate ghafla peke yake getoni, kwa sababu kutetemeka na degedege huweza kuanza kati ya saa 6 na 48 tangu glasi ya mwisho. Huyo aende kwanza hospitali ya mkoa, aombe kuonana na wahudumu wa afya ya akili, apunguziwe chini ya uangalizi.