Re: Mashine ya kupoza bia ya keg, mapipa yakiwa stoo
Mkuu, umesema bomba nne kaunta, mapipa stoo mita 12 nyuma, na umeme hautabiriki. Friji yenye bomba juu yake isahau, hiyo pipa linakaa humohumo. Kupuliza hewa baridi kwenye njia ya mipira ya kupitishia bia nako huishiwa nguvu ukipita mita 7 au 8.

Unabaki na mashine ya glaikoli (kimiminika kisichoganda kirahisi, kinachopozwa na kuzungushwa na pampu), au ile mashine ya chini ya kaunta inayogandisha barafu ndani ya tangi la maji lenye koili (bomba zilizojiviringa) za kupitishia bia. Glaikoli huzunguka ikiwa karibu nyuzi -2, imeambatana na mpira wa bia mpaka kwenye bomba, kwa hiyo hata glasi ya kwanza inatoka safi. Tatizo bei, na umeme ukikatika pampu inasimama. Kwa hali yako ningechukua ya barafu: umeme ukienda, barafu bado inapoza kwa muda. Stoo nayo isiwe tanuri, maana pipa lenye joto linadai presha kubwa ya gesi, la sivyo utauza povu.

Kabla hujalipa, muulize muuzaji inapoza lita ngapi kwa saa, na imepimwa bia ikiingia na nyuzi ngapi. Akibabaika, ondoka.