DOS ya duka la mzee: iwekwe kwanza, XP ifuate

Shikamoo kaka. Umesema mko Mafinga, kompyuta ya duka la mzee ina Windows XP na unataka kuongeza MS-DOS 6.22 (DOS, mfumo wa zamani wa kuendesha kompyuta) ili programu yake ya zamani ya stoo ifanye kazi tena. Inawezekana, ila usiiweke DOS juu ya XP. Mimi nilifanya hivyo hapa Mbeya: DOS ikaandika upya sehemu ya kuwashia, XP ikagoma kuwaka, nikahangaika siku nzima.

Kwanza nakili kumbukumbu zote za mzee kwenye diski nyingine. Hesabu za miaka zikipotea hazirudi, tafadhali usiruke hapo. Kisha futa diski ya kompyuta, anza upya. Tengeneza patisheni (kipande cha diski) ya kwanza isiyozidi GB 2, ya FAT16 (mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili), maana DOS hiyo haivuki hapo, na NTFS, mpangilio mpya zaidi wa Windows, haiioni kabisa. Weka DOS humo. Nafasi iliyobaki iwe ya XP: yenyewe itahifadhi sehemu ya kuwashia ya DOS kwenye faili la BOOTSECT.DOS na kukuletea menyu ya kuchagua. Usikubali C, yaani patisheni hiyo ya DOS, igeuzwe NTFS.

Printa je? DOS huchapa kupitia LPT1, tundu la zamani la printa. Ya USB haitaitambua.

Lakini kama shida ni programu hiyo moja tu, ningejaribu DOSBox, programu inayoiga DOS, ndani ya XP kwanza. Bure, na hugusi diski. Ikikataa, ndipo ugawe diski.