Muulize Shangazi: "Tunaenda misheni kisiwani na watoto, mama mkwe kanuna"

Shangazi shikamoo, na Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa miaka 27 naishi Ligula hapa Mtwara, mume wangu ni fundi seremala, kwao Njombe. Tuna watoto wawili, wa kike ana miaka minne na wa kiume ana miezi minane bado ananyonya. Kanisani kwetu kuna kikundi kinaenda kisiwa cha Songo Songo kule Kilwa wiki tatu mwezi wa saba kukaa na waumini wachache waliopo kule, kutengeneza madawati na kufundisha watoto nyimbo, na mume wangu ameshatuandikisha wote wanne bila hata kuniuliza vizuri, alikuja tu nyumbani na furaha yake. Mimi kwenda nataka kwa kweli ila usiku silali. Mama mkwe kapiga simu anasema tunampeleka mjukuu wake akaliwe na papa. Alafu watu wa kule karibu wote ni Waislamu sijui watatupokeaje, na mume wangu mwenyewe hajui kuogelea hata kwenye beseni. Nishauri shangazi yangu.
Mama Wawili, Ligula

Marahaba mwanangu, na amen. Tuanze na papa tummalize. Mama mkwe ukimpigia mwambie huku kwetu papa ndo anayewaogopa watu, akikamatwa anakaushwa anatiwa nazi, na ukipata mkavu mzuri mfungie kipande umtumie Njombe, atanyamaza. Ila usimcheke sana, maana bibi wa mjukuu akitaja papa mara nyingi anaogopa kitu kingine hajui akiiteje. Na kweli kitu kipo, ila si papa, ni umbali wa hospitali.

Nyie wa Mtwara mbu mnawajua, malaria mnaijua, hamwendi kukutana na ugonjwa mgeni. Tofauti ni kwamba hapa Ligula mtoto akichemka saa nane usiku unaamsha bodaboda mnafika, kisiwani saa nane usiku unasubiri zahanati ya hapo hapo, na ikishindikana unasubiri bahari ikubali. Huyo Krapf wa Wajerumani, mmisionari, alifika Mombasa 1844 na mke wake Rosine akiwa na mimba, na mwezi wa saba mwaka huo huo homa ikawachukua wote wawili, mama na kichanga wa kike aliyetoka kuzaliwa. Enzi hizo watu walidhani ni hewa mbaya, ilibidi ifike 1897 ndo Ronald Ross akamkuta mdudu wa malaria ndani ya mbu. Wewe neti yenye dawa unayo, kipimo cha kidole kipo, dawa ya mseto ya malaria ipo. Kwaiyo usiniambie unamwachia Mungu wakati neti umeiacha imekunjwa kabatini.

Sasa ushauri wangu: nendeni, ila si mwezi wa saba. Mwezi wa saba ni upepo wa kusi wenyewe, bahari ya Kilwa hapo haina adabu, na mume wako wa Njombe akipanda mashua siku hiyo atatapika mpaka asahau wito. Sogezeni mpaka mwezi wa kumi, kusi limekata na kaskazi halijaanza, malelezi, maji yanakuwa kama yamelala. Kijana wako atakuwa na miezi 11, atakuwa amekula chanjo ya surua ya miezi tisa, anakaa, anakula ugali laini na samaki, akiharisha ana akiba mwilini. Kikundi kikisema lazima Julai basi mume aende na kikundi Julai peke yake aone mazingira, alafu mwezi wa kumi awapeleke nyie akiwa mwenyeji. Mimi hiyo naiona ndo bora kuliko zote, kwanza hata kwa mama mkwe inasomeka vizuri.

Siku ya kuvuka, mvae jaketi za kuokolea nyie wote, na ya mtoto iwe ya saizi yake maana ya mkubwa inamchomoka kichwani, na kama nahodha hana ya mtoto nunueni au azimeni kabla hamjafika ufukweni sio pale pale mnaanza kuulizana. Mkiona boti imejaa watu na magunia mpaka maji yanakaribia ukingo shukeni, hata kama nauli mmeshalipa, hata kama mchungaji kashakaa. Na msilazimishe saa. Kule boti inafuata maji kujaa na kupwa haifuati ratiba ya kikundi.

Vya kubeba sitakuandikia orodha kama ya harusi. Kadi ya kliniki, neti yenu wenyewe, kipimajoto, pakiti za ORS na vidonge vya zinki. Mtoto akiharisha anza ORS hapo hapo na zinki mpaka siku kumi ziishe, hata akipona siku ya tatu, wengi tunaacha hapo. Mseto usimpe kwa kubahatisha eti kinga, apimwe kwanza na apewe kwa kilo zake. Ukiona degedege, au amelegea haamki, au anatapika kila kitu, au anakataa ziwa, hiyo ni kuvuka bila kujadiliana, kwaiyo siku ya kwanza tu mkifika ulizeni nani ana boti yenye injini nzuri na mumuwekee hela ya mafuta pembeni, hela hiyo isiguswe hata sadaka ikipungua. Basi.

Kuhusu kupokelewa, hapa nikae kidogo maana ndo nilipoungua mwenyewe.

Nilikwenda kisiwa kimoja upande huo huo wa Kilwa miaka mingi imepita, na kwaya, kanisa silitaji na kisiwa sikitaji. Binti yangu alikuwa na mwaka na miezi miwili. Tulishuka na maboksi ya nguo za mitumba, tukayafungua pale pale mchangani, tukaanza kugawa. Dakika kumi hazikuisha watoto wanavutana, kina mama wawili wanashikana kanga kwa ajili ya sweta, sweta mwanangu, kisiwani, kwenye joto lile. Kiongozi wetu anapiga picha. Wazee walikuwa wamekaa chini ya mkungu wanatuangalia hakuna aliyeinuka. Kumbe hatukupita kwa mwenyekiti wala kwa mtendaji wa kijiji, tumeshuka tu kama mzigo.

Aliyeniokoa ni bibi mmoja. Binti yangu alikuwa ametoka vipele shingoni na mapajani kwa maji ya chumvi na jasho, analia, na mimi nimeshika biblia sijui pa kuanzia. Yule bibi hakunisalimia hata, alimchukua mtoto mikononi kwangu akaenda naye kisimani, akateka kata moja tu ya maji baridi maana maji yalikuwa ya kuhesabu, akamuosha mikunjo yote taratibu kwa kiganja, akamkausha kwa ncha ya kanga yake, ndo akaniuliza, "Mmekuja kukaa au mmekuja kutuona?" Nilikosa jibu. Wiki ile iliyobaki nilikuwa naenda kisimani alfajiri na yeye, na wanawake wote niliowajua kule niliwajua kwa sababu ya mtoto mgongoni, hakuna hata mmoja niliyemjua kwa sababu ya wimbo. Chai yao ilikuwa na chumvi kwa mbali, unaongeza sukari weee bado unaisikia.

Ndo maana nakwambia familia yenye watoto wadogo ina kitu ambacho kikundi cha vijana wenye spika hakina. Nyie mtapokelewa kwanza, kabla hamjatoa chochote. Mkubali kupokelewa.

Kwaiyo mkishuka tu, barua ya utambulisho ya kanisa mkononi, kwa mtendaji na mwenyekiti, alafu mwombeni mwenyekiti awapeleke mkasalimie na imamu. Mkutano wa injili wa hadhara wenye spika lazima polisi wajue, na mimi ningewashauri msifanye kabisa, mna wiki tatu tu mtaondoka, waumini wachache mtakaowaacha ndo watakaoishi na majirani. Dawa msigawe, hata panadol, pelekeni kwa utaratibu wa zahanati na mganga mkuu wa wilaya. Madawati sawa kabisa, ila mume aulize kama kuna fundi kijijini wafanye kazi pamoja, asije akamnyang'anya mtu riziki kwa jina la Bwana. Valia kanga na mtandio vizuri. Nyama ya kitimoto isisogee hata kwenye mazungumzo, na kuku mkitaka kumla mpeni jirani Mwislamu achinje, hapo jirani ataweza kukaa mle sinia moja, ukichinja mwenyewe umekula mwenyewe.

Na binti wa miaka minne ndani ya siku mbili atakuwa na marafiki na jioni watamvuta waende wote chuoni, madrasa. Siku akirudi anaimba alif be te usirukeruke. Wewe si unaenda kufundisha watoto wao nyimbo? Ongea na mwalimu wa chuo kwa heshima, na nyimbo zako fundisha wale ambao wazazi wao wamekubali kwa mdomo wao. Pipi ili mtoto afumbe macho aombe, hapana. Hiyo ni kununua na mtoto hajui bei.

Kuna wanaosema misheni ya namna hii ni ya kuogopaogopa. Mimi naangalia huku kwetu. Masasi ilianza 1876, askofu Edward Steere alitoka Lindi kwa miguu na watumwa waliokombolewa, nia yao ilikuwa kusogea kuelekea ziwa Nyasa, wakafika Masasi wakaona panafaa wakakaa. Ndanda wabenedikti walifika 1906, mwaka mmoja tu baada ya Maji Maji kuchoma misheni ya Nyangao, na leo ukienda hospitali ya Ndanda benchi la wagonjwa lina kofia za kiislamu na rozari zimekaa bega kwa bega wanasubiri jina liitwe. Hao walikaa. Nyie wiki tatu hamkai, kwaiyo msijifanye mmekaa.

Mume kukuandikisha bila kukuuliza, hilo tuliongee wiki nyingine, nina maneno mengi.

*

Shangazi habari, sisi ni vijana wa Lindi mjini tunataka kwenda misheni visiwani, tumefungua grupu la michango la WhatsApp, ndugu wanasema tunaomba omba. Ni dhambi?
Kijana wa Lindi

Kuomba si dhambi, kuficha hesabu ndo dhambi. Wekeni kwenye grupu nauli kiasi gani, chakula kiasi gani, na mkirudi muweke matumizi kabla ya picha. Na tisheti za kufanana zenye jina la safari futeni kwenye bajeti, nimeziona nyingi mno, zinaishia kupigia deki.

*

Asalaam aleykum Shangazi. Mimi ni Mwislamu, mvuvi, naishi kisiwani wilaya ya Kilwa. Gazeti lako huwa linafika huku limefungia vitumbua lakini nalisoma. Kila mwaka wanakuja wageni wa makanisa, watu wazuri sina ubaya nao, ila mwaka jana walipiga picha watoto wangu wawili wakiwa kifua wazi wanatoka kuoga baharini, baadaye mtu Dar akanitumia ile picha imeandikwa maneno kwamba ni watoto wasio na nguo wanaohitaji msaada. Watoto wangu wana nguo. Walikuwa wanaoga. Nifanyeje wakija tena bila kuonekana mkorofi?
Baba wa Wawili, Kilwa

Waaleykum salaam kaka yangu. Nimeisoma barua yako mara tatu na nimeona aibu kwa niaba ya watu wasionituma.

Mkorofi si wewe. Kwanza yule aliyekutumia picha muombe akupe na namba ilikotoka, waandikie hao wageni uwaambie kwa jina lako waifute, wengi wakiambiwa na mzazi mwenyewe wanafuta haraka maana wanajua walichofanya. Alafu peleka jambo hili kwenye serikali ya kijiji liandikwe kwenye muhtasari, kwamba mgeni yeyote, awe wa kanisa au mtalii wa magofu, hapigi picha ya mtoto mpaka mzazi aseme ndiyo, na mtendaji awe anawaambia pale wanaposaini kitabu cha wageni. Hapo hutakuwa unagombana wewe, ni kijiji kimesema. Na mkishapanga hivyo msilegeze kwa wenye boksi kubwa.

Mwezi wa kumi huenda ukaona familia inashuka kwenye boti, fundi wa Njombe anayeogopa maji, mke wake wa Mtwara na mtoto mgongoni. Sijui kama ni kisiwa chako au cha jirani. Ikiwa ni chako mwonyeshe mama huyo kisima chenye maji baridi, na huyo fundi usimpeleke mbali siku ya kwanza.