Corolla yako inatosha

Mdogo wangu, umeuliza kama Corolla ya kwendea kazini inafaa kuingia autokrosi huko Ohio, au utafute kwanza gari la michezo. Usinunue kitu. Mashindano ya Solo, yaani autokrosi ya SCCA (klabu ya magari ya michezo ya Marekani), hufanyika kwenye lami iliyopangwa koni, kila gari likipimwa muda wake, na madaraja ya magari ya kawaida yapo.

Toa kila kitu ndani ya gari. Mimi nilisahau chupa ya maji. Kwenye kona ya tatu chupa ikabingirika hadi chini ya pedali ya breki, nikamaliza mzunguko napiga dua. Helmeti za kuazima mara nyingi zipo, ulizia mapema.

Kubwa zaidi ni kuitembea njia kwa miguu, tena na tena. Ukishakaa kwenye usukani koni zote zinafanana! Macho yawe kwenye koni ijayo, si hii unayoipita. Ukigonga moja unaongezewa sekunde 2; ukiruka geti (nafasi ya kupita kati ya koni), mzunguko wote umepotea. Kwa hiyo wa kwanza nenda taratibu, na uombe mwalimu akae kando yako.

Beba na kofia ya jua, maana utakuwa na zamu ya kusimama uwanjani ukiinua koni walizoangusha wenzako.