Maji ya moto, maji ya baridi: ninavyofanya miguu ikikaza

Mara ya kwanza nilipokimbia njia yenye mteremko mrefu, nilirudi nyumbani mzima kabisa. Kesho yake asubuhi mapaja yalianza kukaza. Keshokutwa nilikuwa nashuka ngazi kinyumenyume, mkono ukutani, maana kila nilipokunja goti kwenda mbele paja lilikataa kunibeba.

Kilichonishangaza ni kwamba mlima wenyewe niliupanda bila taabu. Kumbe kushuka ndiko kunakoumiza. Unaposhuka, msuli wa paja unauzuia mwili usianguke huku wenyewe ukivutwa na kurefuka, na nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Maumivu yake hayaji palepale. Huanza baada ya saa 12 hadi 24, yakazidi siku ya pili au ya tatu, kisha yakaisha yenyewe. Wengi bado tunaambiana kwamba ni asidi ya laktiki iliyobaki miguuni. Sivyo: laktiki huwa imeshaondoka saa moja au mbili tu baada ya mazoezi.

Tangu hapo nimekuwa nikitumia ndoo mbili. Natafuta zenye kina, maji yafike karibu na goti, kwa sababu beseni la kuoshea miguu halifikii mashavu ya miguu na hapo nako huuma. Ndoo moja naijaza maji ya nyuzijoto 38 hadi 40, nyingine ya nyuzijoto 10 hadi 15, na vipande vya barafu kama bomba linatoa maji ya vuguvugu. Usipokuwa na kipimajoto, tumbukiza kiwiko: maji ya moto yakuruhusu kukiacha humo bila kukishtua. Usipime kwa vidole, vimezoea moto.

Nakaa kwenye kiti, naanza na moto dakika 3, nahamia baridi dakika 1, narudi kwenye moto. Nafanya hivyo mizunguko 4 au 5 na kumalizia na baridi. Sekunde za mwanzo kwenye baridi ndizo ngumu: pumzi inakatika na vifundo vinauma hadi ndani ya mfupa. Usichomoe miguu. Toa pumzi polepole, hesabu, na ukifika ishirini au thelathini ule uchungu unalegea. Ukirudi kwenye moto, vidole vitawasha kama vimeguswa na upupu, na ngozi itabadilika rangi hadi pale maji yalipoishia. Hapo mimi huchezesha vidole na kukunja nyayo. Maji ya moto yakipoa, toa miguu kwanza ndipo uongeze mengine kutoka kwenye birika. Tafadhali usimimine miguu ikiwa ndani.

Mishipa ya damu husinyaa kwenye baridi na kutanuka kwenye moto, na baridi yenyewe hutia ganzi kidogo. Ninachopata mimi ni nafuu ya saa kadhaa, ya kutosha kulala bila kuamshwa na miguu kila nikijigeuza. Nyuzi zilizochanika zinahitaji siku zake, maji hayaziungi. Kutembea taratibu kwa nusu saa nako kunasaidia karibu sawa, kwa hiyo siku nisipokuwa na barafu natoka nje natembea, basi.

Kosa nililofanya ni kudhani dawa hii ni ya kila maumivu. Niliteguka kifundo cha mguu, na jioni ileile nikakitia kwenye maji ya moto kwa kuwa yaliwahi kunifaa. Usiku kikavimba, asubuhi kiatu hakikuingia. Jeraha jipya lenye uvimbe halitaki joto kwa siku mbili za mwanzo. Liwekee barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15, uinue mguu juu, na ukishindwa kuvumilia maumivu au hata kuukanyagia, nenda wakauangalie hospitalini.

Kuna watu ambao sitawaandalia ndoo hizi hata wakiniomba. Mama yangu ana kisukari na nyayo zake zimepoteza hisia. Siku moja alikanyaga kijiti kikamchoma na hakujua mpaka alipoona damu sakafuni. Mtu wa namna hiyo anaweza kuungua kwenye maji huku akiyaona ya vuguvugu. Nilimweleza hivyo, nikamkanda miguu kwa mafuta badala yake. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa au ujauzito amuulize daktari kwanza, na mwenye kidonda kibichi asubiri kipone.

Na wewe unayenyanyua vyuma ili misuli ikue, usiingie kwenye maji baridi kila baada ya zoezi. Baridi inayokutuliza hupunguza pia kazi ambayo mwili unaifanya ya kujenga misuli hiyo. Iweke akiba kwa siku za mashindano, au unapotakiwa kukimbia tena kesho.

La mwisho, chunguza mkojo wako. Ukitoka rangi ya chai ya rangi iliyokolea baada ya mazoezi makali, na misuli imevimba au imeishiwa nguvu, misuli imeharibika kiasi cha kuhatarisha figo. Hapo acha kuchemsha maji. Nenda hospitali saa hiyohiyo.